Tarakimu na Mahali Pake

Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, hutoka katika milima ya bara, hupita katika nchi kavu, na mwisho humimina maji yake baharini upande wa Kipini. Safari yake ni ya kilomita 1,000 hivi. Katika safari hiyo hupita Garissa, kisha Nanighi, kisha Bura, Hola na Garsen. Msomaji aliyepitisha macho juu ya maneno haya amekwisha kuipita hesabu moja bila ya kuitazama sana. Hesabu hiyo ni 1,000. Ndani yake mna tarakimu moja yenye kitu, na tarakimu tatu zisizo na kitu. Zifute hizo tatu, na mto unywesheao watu na wanyama wa nchi nzima wageuka kijito cha kilomita moja, ambacho mtoto aweza kukifuata toka asubuhi na kurudi nyumbani kabla ya jua kuwa kali.

Imekuwaje hata kitu kisicho kitu kikapata nguvu nyingi namna hiyo? Jambo hili hufundishwa watoto wadogo katika madarasa ya kwanza, nao hulikariri: mamoja, makumi, mamia, maelfu. Kwa kuwa hufundishwa wadogo, wakubwa hudhani kuwa ni jambo dogo. Walakini historia yashuhudia kinyume. Mataifa yenye majeshi, mahekalu na maktaba yalikaa karne nyingi bila ya kulijua.

Na tuanze nyumbani. Kando ya Mto Tana wanaishi Wapokomo na Wamalakote walimao kingoni, na Waorma na Wasomali wachungao ng'ombe, mbuzi na ngamia. Lugha zao hazifanani, lakini katika kuhesabu wote wamejenga nyumba zao juu ya msingi mmoja, nao ni kumi. Msomali husema toban kwa kumi, boqol kwa mia, na kun kwa elfu. Mswahili ana kumi yake ya asili, tena ana mia na elfu zilizoletwa na lugha ya Kiarabu. Sababu ya msingi huu haifichiki: mwanadamu ana vidole kumi, na vidole ndivyo daftari la kwanza.

Hesabu za Kiswahili zenyewe ni historia fupi ya pwani yetu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu. Sita, saba na tisa ni wageni waliopewa kiti. Saba ilichukua mahali pa fungate, neno ambalo leo limebaki katika siku saba za maharusi, na ambalo Wagiriama bado hulitumia katika kuhesabu kwa sura ya fungahe. Tisa haikuweza kuifukuza kabisa kenda, na wazee wengine hutumia hii na ile. Ishirini, thelathini na wenzao hadi tisini ni Kiarabu pia. Lakini angalia jambo moja la ajabu. Mwarabu akitaka kutaja 25 husema "tano na ishirini". Mswahili aliyakopa maneno, lakini hakuukopa mpango. Yeye husema "ishirini na tano", kikubwa kikitangulia na kidogo kikifuata, kama wazee wanavyotangulia katika barza.

Sasa hapana budi kutofautisha hesabu isemwayo na hesabu iandikwayo. Katika kusema, kila neno hubeba cheo chake mgongoni. Ukisema "mia mbili na nne", neno mia limekwisha kutangaza cheo cha mbili, wala hapana haja ya kutaja kuwa makumi hayapo. Ulimi haujui sifuri, wala hauihitaji. Lakini katika kuandika, tarakimu haichukui cheo chake mgongoni. Cheo chake ni mahali iliposimama. Tarakimu 2 iliyo katika 204 haina neno mia lililoandikwa juu yake. Ni mia mbili kwa sababu nyuma yake zimesimama nafasi mbili: moja ya makumi, ambayo ni tupu, na moja ya mamoja.

Hii ndiyo sababu ya kosa ambalo kila mwalimu wa madarasa ya chini amepata kuliona. Mtoto huambiwa aandike "mia mbili na nne". Yeye husikia mia mbili, akaandika 200. Kisha husikia nne, akaandika 4. Jibu lake huwa 2004. Mtoto huyu si mjinga. Amefuata ulimi kwa uaminifu, wala hajaambiwa kwamba kalamu ina sheria nyingine. Lakini kama hesabu hiyo ilikuwa ya ng'ombe wa mfugaji, ameongeza ng'ombe 1,800 ambao hawajazaliwa. Na kama ilikuwa ya deni, ameongeza deni ambalo halikukopwa.

Kuna hatari nyingine, nayo imefichika katika ulimi wa watu wazima. Tuseme watu wawili wamekutana mnadani, mmoja akiuza fahali na wa pili akinunua, wakapatana bei ya shilingi "elfu ishirini na tano". Je, ni kiasi gani? Muuzaji ana haki ya kuelewa 25,000. Lakini mnunuzi mwenye hila aweza kudai kwamba alikusudia elfu ishirini, na tano juu yake, yaani 20,005. Maneno ni yale yale. Tofauti ni shilingi 4,995. Kwa ajili hiyo wengine husema "ishirini na tano elfu" ili kuufunga mlango wa shaka. Tarakimu huufunga mlango huo kwa komeo. 25,000 haiwezi kusomwa 20,005, wala 20,005 haiwezi kusomwa 25,000, kwa kuwa kila tarakimu imekaa mahali pake, na penye pengo amewekwa mlinzi, naye ni sifuri.

Mlinzi huyu alitoka wapi? Warumi, waliotawala nchi nyingi, hawakuwa naye. Wao walitumia herufi, na kila herufi ilikuwa na thamani yake popote ilipokaa: X ni kumi, C ni mia, M ni elfu. Mwaka 1888, ambao sisi twauandika kwa tarakimu nne, kwao ni MDCCCLXXXVIII, herufi 13. Kujumlisha kwa herufi hizo ni kazi nzito, na kuzidisha ni nzito zaidi. Kwa hiyo karani wa Kirumi alihesabu kwa kokoto juu ya ubao, akatumia herufi kuandika jibu tu.

Waarabu nao walikuwa na hesabu ya abjadi, ambayo ilifika pwani yetu na kutumiwa na wanachuoni, hasa katika elimu ya falaki. Katika abjadi, herufi 9 ni za mamoja, herufi 9 za makumi, herufi 9 za mamia, na herufi moja ya elfu. Jumla ni herufi 28, yaani alfabeti nzima. Mpango huu ni mzuri kwa macho, lakini una dari. Ukifika elfu, herufi zimekwisha. Mwenye kutaka kupanda zaidi hana budi kutafuta hila nyingine.

Watu wa Babeli, miaka 4,000 hivi iliyopita, waliuona mlango wa siri. Waligundua kuwa alama ile ile yaweza kuwa na thamani mbalimbali kwa mujibu wa mahali ilipo. Wao walihesabu kwa sitini, na urithi wao tungali nao: saa moja ina dakika 60, na dakika moja ina nukta 60. Lakini kwa muda mrefu waliacha mahali patupu bila ya alama. Hata walipopata alama ya kuziba pengo la katikati, hawakuiweka mwishoni mwa hesabu. Kwa hiyo alama ya 1 na alama ya 60 zilifanana, na msomaji alilazimika kukisia kwa kutazama habari yenyewe. Walijenga nyumba, wakasahau mlango wa nyuma. Wamaya wa Amerika walipata sifuri yao wenyewe, lakini bahari iliwatenga na dunia hii yetu, na elimu yao haikutufikia.

Waliokamilisha jengo ni Wahindi. Walichukua alama tisa na ya kumi ya utupu, wakatumia msingi wa kumi. Mwaka 628 mtaalamu Brahmagupta aliandika sheria za sifuri kama za hesabu nyingine: hesabu ikiondolewa katika nafsi yake hubaki sifuri, hesabu ikiongezwa sifuri haibadiliki, hesabu ikizidishwa kwa sifuri huwa sifuri. Katika mji wa Gwalior kuna hekalu lenye maandishi ya mwaka 876, yatajayo bustani ya maua yenye urefu wa mikono 270 na upana wa mikono 187. Hiyo 270 imeandikwa kwa sifuri mwishoni, kama tuiandikavyo leo. Ni ajabu njema kwamba mojawapo ya sifuri za kale zijulikanazo ilitumika kupima shamba.

Kutoka Uhindi elimu hii ilikwenda Baghdad. Huko, yapata mwaka 825, mtaalamu al-Khwarizmi aliandika kitabu cha kueleza hesabu ya Wahindi. Nakala ya Kiarabu imepotea, lakini tafsiri ya Kilatini ilibaki, na jina lake likageuka jina la kila njia ya kukokotoa kwa hatua. Waarabu waliita alama ya utupu sifr, maana yake tupu, na kwetu neno hilo ni sifuri. Kisha Leonardo wa Pisa, kijana wa Italia aliyesoma hesabu Bejaia katika Afrika ya Kaskazini, ambako baba yake alifanya kazi ya forodha, aliandika kitabu chake Liber Abaci mwaka 1202, akawafundisha wenzake tarakimu hizo. Ulaya haikuzipokea kwa furaha mara moja. Mwaka 1299 chama cha wabadili fedha wa Firenze kilikataza wanachama wake wasizitumie katika madaftari. Wengi hueleza kuwa waliogopa udanganyifu, kwa maana ni rahisi kuigeuza 0 kuwa 6 au 9. Hofu yao haikuwa ya bure, wala dawa yake haikupotea: mpaka leo mwenye kuandika hundi huandika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno pia. Maneno huzilinda tarakimu zisighushiwe, na tarakimu huyalinda maneno yasipindwe.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa sokoni siku zote, na sokoni ndipo hesabu hukaa. Katika karne ya 19, mfanyabiashara wa Kihindi Jairam Shivji alikodi forodha ya Unguja kutoka kwa Sultani, na makarani wa Kihindi waliandika kwa tarakimu za kwao. Waswahili na Waarabu waliandika kwa tarakimu za Kiarabu. Wazungu walikuja na zao. Maumbo yalikuwa matatu, lakini sheria ilikuwa moja: kila hatua kuelekea kushoto huzidisha thamani mara kumi. Hata mwandishi wa Kiarabu, ambaye maneno yake hutoka kulia kwenda kushoto, hesabu yake huweka kikubwa kushoto kama yetu.

Tofauti ya maumbo iliweza kumtega asiyeangalia. Katika tarakimu za Kiarabu zitumikazo Mashariki, sifuri ni nukta, na tano ni duara. Kwa hiyo mtu aliyejifunza chuoni, akienda katika duka la mwenye kuandika Kizungu, aliona duara akasoma tano mahali palipoandikwa sifuri. Kumi ya mmoja ikawa kumi na tano ya mwingine. Hapana aliyesema uongo, na hata hivyo mali imepotea. Ndipo wazee wakasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaweza kuongeza kuwa daftari lisilosomeka sawa kwa wote wawili halina tofauti kubwa na kutokuwa na daftari.

Kupanda mto, elimu ya tarakimu ilikwenda kwa mitumbwi. Wamisionari wa Methodisti walikuwa Golbanti katika miaka ya 1880, na wale wa misheni ya Neukirchen ya Ujerumani walianza kazi Ngao mwaka 1887. Pamoja na kusoma walifundisha hesabu. Lakini mwanafunzi wa siku zile alikuwa na mzigo ambao wa leo hana, maana vipimo vya soko havikufuata kumi. Vibaba vinne vilikuwa pishi moja. Pishi sitini zilikuwa jizla moja. Nguo ishirini zilikuwa korija moja. Rupia moja ilikuwa na ana 16, nazo ni pesa 64. Twasema haba na haba hujaza kibaba, lakini kutoka kibaba kwenda jizla ilimpasa mtu azidishe mara nne, kisha mara sitini. Baadaye rupia ikagawanywa katika senti 100, na shilingi iliyokuja mwaka 1921 ikaifuata desturi hiyo. Tangu hapo fedha na tarakimu zilizungumza lugha moja.

Kijana akiona sheria hii ngumu, na autazame mchezo wa bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kete zote ni sawa. Hapana iliyo kubwa wala iliyo ndogo. Lakini mchezaji hashiki kete kwanza, hutazama shimo. Kete ile ile, katika shimo hili ni mateka, na katika shimo lile ni ushindi. Tena shimo tupu si kitu cha kudharau. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezaji hulala, na zamu huhamia kwa mwenzake. Utupu umetawala mchezo. Mtoto anayelijua hili ameisoma nusu ya somo la tarakimu kabla hajashika kalamu: kitu kina thamani yake, na mahali pana thamani yake, na utupu una kazi yake.

Sasa turudi Nanighi. Mwaka 1977 ulipitishwa mradi mkubwa wa serikali ya Kenya na Benki ya Dunia pamoja na wafadhili wengine, wa kumwagilia maji mashamba ya Bura kutoka Mto Tana. Hesabu iliyoandikwa ni hekta 6,700, kwa pamba na mahindi. Ilikusudiwa kujenga kizuizi mtoni ili maji yaende yenyewe kwa mtelemko. Lakini gharama ilikuwa kubwa, kazi hiyo ikaahirishwa, na pampu zikawekwa hapo Nanighi ziyainue maji. Familia za kwanza ziliingia mwaka 1981. Pampu zilihitaji mafuta na vipuri, zikaharibika mara kwa mara, na ardhi iliyopata maji haikufika nusu ya ile iliyokusudiwa. Mkulima aliyesimama katika shamba kavu, pampu ikiwa kimya, aliijua maana ya hesabu iliyokosa kutimia kuliko mtu yeyote aliyeiandika.

Ichukue hesabu hiyo uigeuze mkononi. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, na kilomita moja ya mraba ni hekta 100. Basi ardhi ile ile ni kilomita za mraba 67, au hekta 6,700, au mita za mraba 67,000,000. Tarakimu zenye kitu ni mbili tu, 6 na 7, nazo hazikubadilika popote. Kilichobadilika ni mahali zilipokaa, na aliyezisukuma kushoto ni sifuri. Mtu asiyejua sheria hii akiona karatasi tatu, moja yenye 67, ya pili yenye 6,700, na ya tatu yenye 67,000,000, atadhani ni mashamba matatu, dogo, la wastani na kubwa mno. Ajuaye ataona kuwa ni shamba moja. Tena akiona mtu ameandika hekta 670, au hekta 67,000, atasimama na kuuliza, kwa maana tarakimu ni zile zile lakini si shamba lile lile.

Kuuliza huko ndiko faida kubwa ya somo hili. Katika nchi ya Tana, ambako mafuriko huja mwaka mmoja na ukame mwaka mwingine, hesabu huandikwa kila siku: za watu wenye haki ya chakula, za mifugo iliyochanjwa, za shilingi za karo, za vipimo vya dawa ya mtoto, za eneo la ardhi. Sifuri moja ikiongezwa, mtu mmoja hupewa haki ya watu kumi. Sifuri moja ikiondolewa, watu kumi hupewa haki ya mtu mmoja. Asiyejua kusoma mahali pa tarakimu hutegemea uaminifu wa mwandishi. Ajuaye humsaidia mwandishi kuwa mwaminifu.

Basi, vijana, msilidharau somo mlilofundishwa mkiwa wadogo. Mwenye ndugu mdogo na amkalishe chini, achore mistari michangani, amwekee kokoto katika mamoja, makumi na mamia, kisha aache shimo moja tupu na kumwuliza: hapa tuandike nini? Siku atakapojibu kwamba hapana kitu, lakini lazima tupaandike, atakuwa amepata katika asubuhi moja elimu ambayo Warumi hawakuipata katika dola yao yote.